Siku Redio Inapougua

Jumapili, 5 Novemba

Maji yametufukuza Ngarenaro. Jana mto ulipanda mpaka ukaingia gereji ya mume wangu, Godbless, ukabeba matairi mawili na kreti ya soda, kisha ukaja kunigongea mlango wa jikoni. Mume wangu akaliangalia tumbo langu, akayaangalia maji, akasema, "Namnyaki, wewe na huyo wa ndani nendeni kwa baba yako Olasiti. Mimi nabaki na spana zangu." Nikasema sawa. Mimi si mtu wa kubembelezwa mara mbili, hasa miguu ikiwa imevimba hivi.

Basi niko nyumbani nilikozaliwa, chumba kilekile, kitanda kilekile kinacholia ukijigeuza. Shuleni nimeshaaga, likizo ya uzazi imeanza. Darasa langu la Uraia limepewa kijana anayevaa suruali za kubana, Mungu awasaidie watoto wa watu. Nimeona niandike kila siku, nikikaa bure nitagombana na kila mtu.

Humu ndani tuko wanne. Baba yangu, Yiamat, anafuga ng'ombe watatu katikati ya nyumba za watu kana kwamba Olasiti bado ni malisho. Mama yangu, Hanna, ni mzee wa kanisa kwa cheo na mkuu wa kila kitu kwa tabia. Halafu kuna Koko, bibi yangu mzaa baba. Ana miaka themanini na ushee, meno machache, masikio mazima, na redio. Hiyo redio inaamka naye na kulala naye.

Nesi wa kliniki kaniambia nitajifungua karibu na tarehe tisa Desemba. Akacheka. "Akiwa wa kiume mwite Uhuru!" Nikakohoa. Ndivyo tulivyolelewa kwetu, neno hilo likija unakohoa.

Jumatatu, 6 Novemba

Mvua. Loshoro ya mahindi na maziwa mgando asubuhi, loshoro jioni.

Jumatano, 8 Novemba

Nimerudi kulitazama lile neno nililoliandika Jumapili bila kufikiri. Liko palepale, na kalamu haikuungua. Uhuru. Nimeliandika tena.

Acha nieleze, maana mtu akisoma hapa atasema ukoo huu una wazimu. Kwetu Waarusha, jina la kijana aliyekufa kabla ya kuoa hufukiwa naye. Hulitaji, humpi mtoto, na hata neno linalofanana nalo unalipisha njia. Koo nyingine zilipata nafuu. Marehemu wao aliitwa kwa neno la Kimaasai la kibuyu au la mbuzi mweupe, wakatafuta neno jingine la kibuyu, maisha yakaendelea. Sisi marehemu wetu alipewa jina la nchi nzima.

Kwa hiyo humu ndani nchi ilipata kujitawala. Mwenge ni Mwenge tu. Ule mlima mkubwa wa majirani zetu una kilele cha juu kabisa, basi. Mgeni haambiwi ajisikie huru, anaambiwa akae kama kwao. Wimbo wa taifa ukipigwa, kuna mahali ukoo mzima tunafumba midomo kwa pamoja kisha tunaendelea. Nilipokuwa darasa la tatu mwalimu aliniona nimefumba, akanishika sikio mbele ya gwaride. Nikaenda nyumbani na sikio langu jekundu, nikamuuliza Baba.

"Ni jina la kaka yangu," akasema. "Alikwenda vita vya Kagera, hakurudi. Koko akilisikia, moyo wake utasimama. Unataka kumuua bibi yako?"

Nani anataka kumuua bibi yake? Nikanyamaza. Na leo ndiye mimi mwalimu wa Uraia. Ikifika mada ya mwaka sitini na moja, wanafunzi wangu wanadhani nina pumu.

Jumapili, 12 Novemba

Mama mkwe amekuja kutoka Sokon One na mkungu wa ndizi, ndoo ya samli, na jina.

Ameketi, akavua viatu, akaanza. "Kwetu Machame hakuna mjadala. Wa kwanza wa kiume ni babu yake. Kwa hiyo huyo ni Elisaria, mnajua hilo." Tunajua. Baba yake Godbless alikuwa Elisaria, na mashemeji zangu wote wameshazaa Elisaria mmojammoja. "Nikiita Elisaria pale nyumbani wanakuja watatu," akasema, "na marehemu nyuma yao. Mume wangu amekufa, lakini hajaondoka."

Nilimwonea wivu, sitaficha. Wao wafu wao wanaagizwa dukani, wanapigwa kofi, wanafutwa kamasi. Sisi wa kwetu tunamkohoa.

Sasa balaa. Koko alikuwa anasogea kwenye benchi ili mama mkwe apate nafasi. Mama mkwe, kwa heshima zake zote, akamshika bega. "Aa, bibi, usijisumbue, kaa kwa uhuru wako!"

Mama akadondosha upawa kwenye sufuria. Baba akakohoa mpaka mbwa akabweka. Mimi nikakohoa. Koko akamgeukia mgeni taratibu.

"Umesemaje, mama?"

Mama mkwe akadhani bibi hasikii. Akamsogelea sikioni, akapaza sauti kama anaita wateja. "Nimesema ukae kwa UHURU!"

"Asante sana," Koko akasema. "Umesema vizuri." Akanywa chai yake.

Baba alikuja kunishika mkono huko nyuma ya banda, jasho linamtoka. Kasema bahati nzuri masikio ya Koko yameanza kuchoka. Masikio ya Koko! Yule anasikia kuku anayetaga kwa jirani.

Jumatatu, 13 Novemba

Baba amempeleka Koko kupimwa presha. Ya Koko ni nzuri kuliko ya Baba.

Ijumaa, 17 Novemba

Mvua usiku kucha. Ndama kazaliwa, jike. Kila mtu amepata jina la kupendekeza isipokuwa mimi, nimeambiwa nipumzike.

Jumanne, 21 Novemba

Leo nimesema. Tulikuwa tunakula, Koko yuko chumbani kwake na redio. Nikasema, "Baba, mtoto akizaliwa nataka nimpe jina la baba mkubwa."

Baba mkubwa yupi, hakuuliza. Akaweka kijiko chini.

"Jina lile halirithiwi."

"Kwa nini?"

"Kijana aliyekufa bila mtoto hana wa kumwachia. Jina linafukiwa. Ndivyo tulivyokuta."

"Tulikuta pia wasichana hawasomi, Baba, na wewe ndiye ulinipeleka shule."

Mama akasema "Namnyaki" kwa ile sauti yake ya kanisani. Sikuacha. Nikamuuliza Baba kaka yake alikuwa mtu wa namna gani. Mrefu? Mkimya? Alipenda nini? Nikasema nina miaka thelathini kasoro, sijawahi kusikia habari moja ya huyu mtu, nimerithi kikohozi chake tu.

Baba akasukuma sahani pembeni. Halafu akasema, "Unadhani ni mimi ninayekataa? Mimi nimeshakuwa mzee, naweza kuvumilia. Ni yeye." Akaonyesha kwa kidevu chumba cha Koko. "Siku ile aliposikia alianguka pale uani, tukadhani tumezika wawili. Mimi nilikuwa mtoto, nikaona kwa macho yangu. Ukimwita mtoto wako hivyo, utamwita asubuhi, utamwita jioni, na yeye yuko hapa anasikia. Ukimuua mama yangu, Namnyaki, mimi sitakuwa na la kukwambia."

Akaondoka na sahani haijaisha. Baba hajawahi kuacha chakula maisha yake yote.

Nimemsimulia Godbless kwa simu. Kasema yeye hana neno, ila mama yake ana Elisaria mkononi. Nikamwambia mama yake nitapambana naye, hilo ni pambano jepesi. Ninachoogopa ni hiki cha Koko. Nalitaka jina hili mpaka meno yananiuma, na siwezi kulichukua kwa kumzika bibi yangu.

Jumamosi, 25 Novemba

Nimemtazama Koko wiki hii kama daktari. Anakula. Anagombana na mtangazaji wa taarifa ya habari. Anacheka peke yake. Huyu ndiye wa kufa kwa neno moja?

Alhamisi, 30 Novemba

Godbless kaja na bodaboda, amelowa chepechepe, kaniletea parachichi. Gereji imekauka nusu. Hakuna lingine.

Jumapili, 3 Desemba

Majilio ya kwanza. Mchungaji kahubiri habari ya kungoja, na mimi nangoja kwa tumbo linalogusa benchi la mbele.

Njiani kurudi Mama kasema, "Wiki hii redio itaugua." Tukacheka wote wawili, halafu tukaona haya.

Ni desturi yetu nyingine, lazima niiandike. Kila mwaka inapokaribia tarehe tisa Desemba, redio ya Koko inaugua. Tangu nina akili zangu. Mchana kutwa wa siku ile hakuna neno lingine hewani isipokuwa lile, kwa hiyo jioni ya kuamkia siku hiyo Baba anaingia chumbani, anazungusha kitufe, anaweka sikio, anatikisa kichwa. Zamani alikuwa anasema mawe ya betri yamekwisha. Siku hizi redio inakula jua, kwa hiyo anasema imeingia maji. Anaondoka nayo "kwa fundi". Inalala kabatini, chini ya suti yake ya harusi, na tarehe kumi inarudi imepona.

Na Koko? Koko hasemi kitu. Siku hiyo huvaa vizuri, akachukua fimbo, akaenda kwa Mama Lengai, jirani yetu wa ng'ambo ya korongo, kutafuta ugoro. Anashinda huko mpaka jioni. Mama anasema ni afadhali, nyumba bila redio inamchosha.

Ijumaa, 8 Desemba

Imeugua. Nilisimama mlangoni nikamwona Baba, nywele nyeupe kichwani, anatega sikio kwenye redio nzima na kusema, "Hii imeingia maji, Mama." Koko akasema, "Pole yake." Baba akapita mbele yangu nayo kifuani, hakuniangalia.

Mtoto kimya. Labda naye anaogopa tarehe.

Jumamosi, 9 Desemba

Naandika leoleo kabla sijasahau hata neno moja.

Mvua ilipiga tangu alfajiri. Baba alitoka na mkokoteni kutafuta majani ya ng'ombe, Mama alikwenda kanisani kupanga viti vya harusi. Nikamkuta Koko uani amevaa shuka lake jipya, shanga zote, na mabuti ya mvua ya Baba.

"Nakwenda kwa Mama Lengai kuchukua ugoro."

"Koko, kwa mvua hii?"

"Mimi si chumvi."

Nikachukua mwavuli, nikamfuata, tumbo mbele. Tulipofika korongoni, lile daraja la mbao halipo. Maji yameondoka nalo, mekundu, yanaunguruma. Ng'ambo tunaliona bati la Mama Lengai. Koko akasimama tu. Nikamwambia turudi, ugoro anao, nimeliona kopo zima kitandani kwake.

"Sikuja kutafuta ugoro," akasema.

Akakaa juu ya jiwe, palepale kwenye tope, na shanga zake zote. Akaanza kulia. Mimi sijawahi kumwona Koko akilia. Alipomzika babu hakulia mbele yetu. Nikadhani ni moyo, nikadhani ndiyo ile siku aliyoisema Baba.

"Koko, unaumwa wapi?"

"Mnanizimia redio," akasema. "Kila mwaka mnanizimia redio. Siku moja tu kwa mwaka nchi nzima inamwita mwanangu. Wakubwa wanamwita, watoto wa shule wanamwita, mizinga inapigwa wanamwita. Na nyie mnaichukua mnaiweka chini ya suti. Kwa Mama Lengai kuna redio isiyougua. Miaka yote hiyo nakwenda kukaa kwake namsikiliza mwanangu akiitwa. Na leo sipiti."

Nikamwinamia na mwavuli. "Koko, sisi tulidhani ukilisikia utakufa."

"Nani kawaambia?"

"Baba."

"Na yeye kaambiwa na nani?"

Nikabaki kuyatazama yale maji.

"Babu yako Simel ndiye aliyesema lisitajwe," akasema. "Ni desturi, sikumpinga. Simel alipokufa nikasema sasa watoto watasema. Nikangoja. Wakanyamaza. Nikasema kumbe bado linawauma sana, niwaache. Mama hamfungui mtoto wake kidonda."

Nikatoa simu. Vidole vimelowa, mtandao unazunguka tu, namkinga Koko kwa mwavuli na mgongo wangu uko mvuani. Mara sauti ikaja, gwaride, bendi, mtu anahutubia kwa kishindo. Likatajwa. Koko akaishika simu kwa mikono miwili, akaiweka sikioni.

"Huyo," akasema.

Likatajwa tena. "Huyo." Kila likitajwa, "Huyo," kama mtu anayewaonyesha watoto wake kwenye kundi. Mimi sikukohoa. Nililia nikashindwa kuushika mwavuli.

Tukarudi jikoni, nikawasha moto, simu ikawekwa mapajani kwake inaendelea kuhutubia. Akanisimulia kwa Kimaasai. Naandika nilivyoshika.

Alizaliwa siku ile bendera ilipopanda. Simel alikuwa mjini ameenda kutazama, akarudi akakuta mtoto, akasema huyu ni Uhuru. Alikuwa mrefu, mchekeshaji, mvivu wa ng'ombe na hodari wa mpira. Akaenda shule ya misheni, akabatizwa huko, akajichagulia Eliud. Nyumbani hakuna aliyelitumia. Koko wakati huo hakuwa Mkristo, alilisikia mara moja akalisahau.

Vita ilipokuja, vijana wakaandikishwa mjini. Akaenda. Ofisa akamuuliza jina, akasema Uhuru. Ofisa akacheka mpaka akaweka kalamu chini. "Wewe umri wako uko kwenye bendera! Miaka kumi na sita. Nenda kwa mama yako ukanywe maziwa." Wote wakamcheka. Mtu wa jina lile hawezi kudanganya umri, nchi nzima inajua alizaliwa lini. Basi akapanda gari mpaka Moshi, ambako hawamjui, akasema anaitwa Eliud na ana miaka kumi na minane. Rafiki yake aliyerudi ndiye aliyeeleza hayo baadaye.

"Siku moja wakaja askari wawili," Koko akasema. "Wamevaa vizuri, wana adabu. Wakanisalimia. Wakauliza, hapa ni kwa Eliud Simel? Nikawaambia, hapana, hapa hakuna Eliud. Simel ni wengi, mtakuwa mmekosea njia, jaribuni kule juu. Mmoja akaniambia, mama, tumeelekezwa hapa. Nikamwambia, mimi nawajua wanangu. Nikawapa maziwa wakanywa. Nikawauliza, kwani huyo Eliud amefanya nini? Wakatazamana. Wakasema, amefariki huko Masaka, mama. Nikashika kichwa. Nikawasindikiza mpaka njiani. Nikarudi nikakamua ng'ombe nikimlilia mama wa huyo Eliud. Nikasema maskini mwenzangu, yuko wapi sasa hivi, na hajui."

Akasogeza kuni motoni. Simu nayo ikawa inapiga bendi.

"Wakarudi kesho yake na mwalimu wa misheni. Mwalimu akanitazama tu. Hapo ndipo nikaanguka."

Jamani.

"Kwa hiyo, Namnyaki, mimi nimeambiwa amekufa Eliud. Jina la Uhuru hakuna mtu aliyekuja kuniletea msiba wake. Najua ni mmoja, sina wazimu. Lakini tarehe hii wakimwita, moyo wangu unakaa."

Hapo ndipo Baba akaingia, majani begani, maji yanamchuruzika. Akasikia simu. Akakohoa, akaruka kuinyakua mapajani kwa mama yake kama anaokoa mtoto motoni.

"Acha kukohoa, Yiamat," Koko akasema. "Kikohozi hicho kingekuwa cha kweli ungeshakufa. Lete redio yangu. Haijaingia maji. Aliyeingia maji ni wewe."

Baba akasimama na mzigo wake. Akanitazama mimi, akamtazama mama yake, akatafuta mtu aliyekufa, hakumwona.

"Mama. Nilidhani..."

"Najua ulichodhani. Na mimi nilidhani. Kaa."

Akakaa kizingitini, akajifunika uso kwa kofia yake iliyolowa. Mabega yakawa yanapanda na kushuka. Koko akamwacha kidogo, halafu, kwangu, kwa sauti ya kusengenya, "Unamwona huyu? Huyu ndiye alikuwa wakili wake. Jioni nikiita, Uhuru! njoo ufungue ndama! Uhuru yuko na mpira wake wa matambara huko mbali. Anayeitika ni huyu kadogo, kaikimbilia sauti yangu: Anakuja! Na haji. Naita tena. Anakuja! Mwongo mkubwa. Alikuwa anamkingia."

Kofia ikacheka. Nasema kweli, kwanza ilitoka sauti ya kilio, kisha ikageuka ikawa kicheko, na Baba akasema kutoka ndani ya ile kofia, "Alikuwa ananipa miwa."

Redio imerudi. Naisikia hapa ninapoandika.

Jumapili, 10 Desemba

Kanisani Baba ameomba mbele ya watu, akamtaja. Kwa majina yote mawili. Mama akashikilia benchi. Hakuna aliyeanguka.

Jumatano, 13 Desemba

Wa kike! Jana saa za mchana. Mzima, ana sauti ya mchungaji na nywele za Godbless. Nimeteseka, lakini siandiki, nitajitisha nikitaka wa pili.

Mama mkwe alifika wodini na mtori wa ndizi kabla sijafutwa jasho. Akamfunua mtoto, akahakikisha, akafikiri kwa muda mfupi sana. "Basi Elisaria atangoja. Wa kwanza wa kike ni bibi yake mzaa baba. Anande. Mimi mwenyewe." Akajipigapiga kifua.

Nikamwambia, "Mama, kaa nikusimulie kitu." Nikamsimulia yote, redio, kikohozi, askari na maziwa. Mara ya kwanza tangu niolewe nilimwona mama mkwe amenyamaza. Kijiko cha mtori kimesimama hewani.

"Kwa hiyo siku ile nilipomshika bega bibi..."

"Ndiyo."

"Nikapiga kelele sikioni!"

"Ndiyo, mama."

"Ruwa wangu, Mungu wangu! Na hamkuniambia!" Akaweka bakuli. "Na yeye akaniambia asante, nimesema vizuri." Akatoa kitambaa, akafuta macho, akafuta na ya mtoto ambayo hayakuwa na kitu. "Basi mwandikeni wote wawili. Kwetu mtu halali chini na jina lake. Anande atangulie, maana ndizi nimenunua mimi. Uhuru afuate."

Mama wa kitanda cha jirani akadakia, kwani Uhuru si jina la kiume? Nikampigia Koko simu nimuulize, nikaweka spika.

"Jina halivai suruali," Koko akasema, na wodi nzima ikacheka.

Jumapili, 17 Desemba

Tuko Olasiti, Ngarenaro bado tope. Mvua imekata. Meru imejitokeza yote asubuhi hii, imeoga. Mama mkwe amehamia hapa na sufuria zake, yeye na Mama wanagombania jiko kwa upole mwingi wa Kikristo.

Jioni nilikuwa nimelala na mlango wazi. Koko alikuwa uani kwenye kigoda chake na mtoto mapajani, redio miguuni. Baba yuko bandani, anakamua. Mtoto alikuwa amesinzia, Koko akataka kumwamsha anyonye. Nikamsikia akivuta pumzi. Sikuwa tayari. Hakumnong'oneza kama watu wanavyowanong'oneza watoto wachanga. Aliita kwa ile sauti ya kuita mtu aliye mbali, sauti ambayo sikujua kama bado anayo.

"Uhuru!"

Na kutoka bandani, papo hapo, bila kufikiri, sauti ya Baba, nyembamba ya kitoto:

"Anakuja!"

Maziwa yakaacha kulia ndooni. Mama akatokea mlango wa jiko. Hakuna aliyekohoa. Baba akachungulia kutoka bandani, mikono inadondosha maziwa, mdomo wazi, kama mtu aliyeshtukia ameimba kwenye msiba.

Koko alimtazama, akamtazama mtoto, akacheka na meno yake yale machache.

"Mwongo wewe," akamwambia. "Huyu ameshafika."